Taa ya Ubavuni

Tulimwacha Bwana Viwango mdomo wazi mbele ya skrini, na kwa ninavyomjua mimi, wiki nzima hii hakuufunga.

Waliokosa gazeti niwaambie upesi, wengine nivumilieni. Bwana Viwango ni meneja wa kiwanda cha karatasi. Kiwanda ni cha baba mkwe wake, ambaye wote humwita Mzee, na hilo jina la Bwana Viwango alijibandika mwenyewe. Ndiye aliyemganda Mzee mpaka ikanunuliwa kamera ya kukagulia karatasi, na ndiye aliyemwalika yule mchapishaji wa vitabu vya shule, Mama Vitabu, aje aone maajabu kwa macho yake kabla ya kusaini mkataba.

Mama Vitabu akaja. Taa ikawashwa. Na katikati ya karatasi nyeupe iliyokuwa ikisifiwa tangu asubuhi, likajitokeza duara dogo lenye kivuli upande mmoja. Lilikaa hapo kwenye skrini kubwa, limetulia, kama mgeni aliyekaribishwa.

"Hiki ni nini?" Mama Vitabu akauliza.

Ndani ya chumba cha ukaguzi, Mzee mwenye kiwanda akasogea. Dada yake Mzee, ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi, akakohoa. Fundi wa kamera, binti aliyetumwa na kampuni iliyouza mtambo, akaendelea kutafuna ubani wake.

Bwana Viwango alijua ni nini. Ilikuwa pete. Na alijua ni ya nani. Kidole chake cha pete kilikuwa kitupu tangu siku ile alipokwenda kupigwa picha ya kalenda ya kiwanda, akaegemea rola za kukamulia maji kwa madaha, kidevu juu, kama yeye ndiye aliyegundua karatasi. Aliporudi nyumbani, pete hakuna.

Mkewe alipouliza, akajibu, "Nimeipeleka kwa sonara aipanue. Mapishi yako yamenenepesha vidole."

Uongo mtamu, si haba. Lakini uongo huo ulikuwa wa nyumbani. Kazini kulikuwa na balaa jingine. Mlangoni pa ukumbi wa mtambo kuna tangazo kwa herufi kubwa: asipite mtu na pete, saa wala bangili. Aliyelitunga ni yeye. Aliyemfukuza kijana wa watu kwa sababu ya bangili ya shaba ni yeye. Na siku Mzee aliposimama mbele ya wafanyakazi wote akaapa kwamba atakayekutwa kitu chake ndani ya mtambo atatoka getini siku hiyo hiyo, "hata awe damu yangu," aliyepiga makofi mpaka viganja vikawaka ni yeye pia.

Sasa jamaa amebaki na kazi moja tu duniani: duara lile lisiwe pete.

"Vumbi," akasema.

"Vumbi?" Mama Vitabu akarudia.

"Vumbi kwenye kioo cha kamera. Hutokea. Fundi, futa."

Fundi akafuta kioo. Akakipuliza. Akafuta tena. Duara likabaki palepale, tena sasa likaonekana vizuri zaidi.

"Basi ni kivuli."

"Kivuli cha nini, meneja?"

"Cha taa!"

Fundi akamtazama kwa huruma. Nyinyi mnaosoma mkiwa mmejilaza niwaeleze hapa, maana hadithi yote imening'inia kwenye taa hii. Kamera ile ina taa za aina mbili. Moja iko juu kabisa, inamulika karatasi kichwani. Ya pili imelazwa ubavuni, chini, mwanga wake unatambaa juu ya karatasi. Ya juu hukuonyesha weupe. Ya ubavuni hukuonyesha kila kilichoinuka na kila kilichobonyea, maana kila kibonde kinatupa kivuli chake.

"Zima hiyo ya ubavuni," Bwana Viwango akaamuru. "Washa ya juu. Mgeni aone karatasi, asione vivuli."

Fundi akabonyeza. Duara likapotea. Karatasi ikawa nyeupe, laini, haina kasoro, unaweza kuchumbia nayo.

"Mnaona!" Shangazi akadakia. "Karatasi safi kabisa. Mimi tangu mwanzo nilisema hiyo taa ya ubavuni ni taa ya umbea. Inachokonoachokonoa mambo yasiyoihusu."

Moyo wa Bwana Viwango ukamtulia kidogo. Shangazi alikuwa upande wake! Mkaguzi mkuu wa miaka nenda rudi, mwanamke ambaye hata Mzee humwogopa. Miwani alinunuliwa akaitupa kabatini, akasema ni ya wazee. Saa ya ukutani haioni. Ukimpungia mkono ng'ambo ya ukumbi anakuuliza wewe nani. Lakini karatasi anakagua, tena kwa kiganja. Husimama pale penye rola za kukamulia, karatasi ikipita mbichi na maji yake, akaipapasa inavyokimbia, na akimaliza huurudisha mkono mfukoni mwa koti la kazi. "Karatasi huongea na kiganja changu," ndivyo anavyosema. Hairuhusiwi, ni hatari, na hakuna aliyezaliwa na mama yake atakayemwambia.

"Shangazi amemaliza maneno," Bwana Viwango akasema. "Mama, tukasaini?"

Mama Vitabu hakutikisika. "Rudisha ile ya ubavuni."

"Lakini mama yangu, nani duniani anasoma kitabu kwa taa iliyolala ubavu?"

"Mimi. Kila ninaponunua karatasi." Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Kwenye kibonde wino haushiki, meneja. Mtoto akifungua kitabu anakuta neno lina pengo. Anamuuliza mwalimu. Mwalimu ananipigia simu mimi. Wewe hupigiwi."

Mzee akaafiki kwa kichwa. "Rudisha, binti."

Taa ya ubavuni ikawaka. Duara likarudi.

"Onyesha karatasi inayofuata," Mzee akasema.

Inayofuata: duara. Inayofuata tena: duara. Fundi akabonyeza, akabonyeza, na kila baada ya umbali uleule duara linajitokeza, mahali palepale, kivuli kilekile. Kiwanda kizima kilikuwa kinapiga muhuri na mwenyewe hana habari.

"Kitu kimenasa kwenye rola, baba," Fundi akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutoa ubani mdomoni. "Rola ikizunguka, inabonyeza. Ikizunguka tena, inabonyeza tena."

"Tangu lini?"

"Siwezi kujua. Taa ya ubavuni imewashwa leo, kwa sababu ya mgeni. Siku zote inazimwa."

"Nani anaizima?"

Fundi akamtazama Bwana Viwango. Mama Vitabu akamtazama Bwana Viwango. Hata Shangazi, ambaye haoni, akageuza uso upande ule.

"Nilijali macho ya wafanyakazi, Baba," Bwana Viwango akasema. "Mwanga wa ubavuni unaumiza mboni."

Jamani! Kamera aliililia yeye, ikanunuliwa, halafu akaifumba jicho yeye. Na Shangazi akamuunga mkono siku hiyo pia, akasema meneja ana utu. Bwana Viwango alifikiri ni mapenzi ya ukwe. Mimi nanyamaza, nyinyi endeleeni.

Fundi akatoa utepe wa kupimia, akaulaza juu ya karatasi kutoka duara hadi duara. "Huu ndio mzunguko wa ile rola ya mpira, kule kwenye kukamulia maji."

"Zima mtambo," Mzee akasema.

Mtambo wa karatasi ukizimwa, ukumbi mzima unashusha pumzi. Ngurumo ikapungua, ikafa, na ghafla kila mtu akasikia saa ya ukutani.

"Mimi si mtu wa kuapa mara mbili," Mzee akasema polepole, "lakini leo narudia. Mwenye kitu hicho atakula chakula chake cha mchana nje ya geti. Hata awe nani."

"Kabisa, Baba!" Bwana Viwango akasema, sauti ikimpanda kama ya mtoto wa kwaya. "Niachie mimi. Wewe utachafua viatu. Mgeni apewe maji. Mtu asitoke hapa!"

Akatoka mbio. Hajawahi kuonekana meneja anayependa kazi namna ile.

Chini ya rola kulikuwa na giza na matone. Rojo la karatasi lilimganda magotini, likampakaa tai. Akapapasa mpira wa rola taratibu, akizungusha kwa mkono, mpaka kidole kikakwama. Hapo! Kitu kigumu kimezama ndani ya mpira, kimebaki mgongo tu. Akatoa kisu kidogo cha kuchongea penseli, akachokonoa huku akimwomba Mungu kwa ahadi ambazo wote wawili walijua hazitatimizwa. Kitu kikachomoka, kimevikwa rojo jeupe toka juu hadi chini.

Kishindo cha viatu. Mzee hakuvumilia kubaki.

Mfukoni? Mfuko umelowa, utatuna. Chini? Watapekua. Bwana Viwango, mwenye shahada mbili na kalenda yenye picha yake, akakitia mdomoni.

Ladha ya rojo la karatasi sikuombei uijue. Alifumba macho. Ulimi ukamwambia kwamba pete imepungua, si saizi yake. Akaujibu ulimi kwamba ni rola imeifinya, na ukae kimya.

"Umeona nini?" Mzee akauliza, ameinama.

"Mm-mm."

"Hakuna kitu?"

"Mm-mm."

"Na hili shimo kwenye mpira?"

Bwana Viwango akainua mabega. Akainua nyusi. Akainua mikono. Kila kinachoinuka mwilini mwake kikainuka, isipokuwa mdomo wa juu.

Wakarudi chumba cha ukaguzi, mkwe mbele, Mzee nyuma, kama polisi na mwizi wa kuku. Mama Vitabu akamtazama shavu.

"Meneja amepatwa na nini?"

Hapo likatokea jambo ambalo Bwana Viwango hakulitarajia. Shangazi akainuka upesi, akamshika mkono. "Jino! Masikini mkwe wetu, jino lake la siku zote. Njoo, baba, njoo nikutazame."

Jino gani? Meno ya Bwana Viwango ni mazima, anaweza kufungulia chupa. Lakini mtu anayezama haulizi kamba imetoka wapi, na jamaa akakubali kuvutwa mpaka kona ya chumba, nyuma ya majora ya karatasi.

"Umeipata?" Shangazi akanong'ona.

Akaitikia kwa kichwa.

"Tema."

Akatoa macho.

"Tema kwenye kiganja changu, nikufichie. Mimi hakuna atakayenipekua. Upesi!"

Machozi yalimlengalenga Bwana Viwango. Miaka yote alidhani Shangazi anamdharau. Kumbe damu si lazima, ukwe pia una upendo! Kiganja kilikuwa wazi mbele ya kidevu chake. Akainama. Akafungua mdomo.

Mlango ukafunguliwa.

Mkewe.

Alikuwa amealikwa na baba yake kuja kushuhudia mkataba, na alikuja amependeza, mkoba mkononi. Akamkuta baba yake amenuna, mgeni ameketi, mtambo umezimwa, na mumewe kichwa kimezamishwa kwenye kiganja cha shangazi yake.

Bwana Viwango akafunga mdomo. Meno yakagonga kitu kigumu, ka!

"Mnafanya nini?" mke akauliza.

"Jino," Shangazi akasema.

"Mm," Bwana Viwango akaunga mkono.

Mke akageuka, akaiona skrini. Duara bado lilikuwa pale, limejaa ukuta. Akasimama akilitazama. "Hiyo ni pete," akasema, kama mtu anayetaja jina la mboga sokoni.

Mzee akashtuka. "Pete?"

"Baba, duara la ukubwa huo, lenye kinundu juu, ni nini kama si pete?" Akamgeukia mumewe. "Mume wangu, pete yako iko wapi?"

Bwana Viwango akaangalia dari.

"Kwa sonara?"

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Bado anaipanua?"

Akaitikia tena. Kijasho chembamba kilishuka puani, kikaning'inia.

Mke akafungua mkoba. Akaingiza mkono ndani, akatoa pete ya dhahabu, pana, ya kiume, akaiweka juu ya meza ya ukaguzi.

"Sonara wako ni mimi," akasema. "Ilikuwa mfukoni mwa shati ulilopigiwa picha. Uliivua mwenyewe kwa sababu ya tangazo lako, ukasahau. Siku moja tu umefuata sheria yako, na siku hiyo hiyo umesahau kwamba umeifuata."

Mama Vitabu akacheka kwa sauti. Hakuna aliyemkataza.

"Nimekaa nayo nione utanidanganya mpaka lini. Kila siku nakuuliza, kila siku sonara. Mara ana homa, mara amesafiri, mara amefiwa. Umemuua mama yake yule sonara!" Sauti ikamkatika. "Ungesema tu, 'Mke wangu, nimeipoteza.' Ningekucheka, ningekupa, yakaisha. Mimi siumii kwa pete. Naumia kwamba unanitazama usoni na unadanganya bila hata kupepesa. Kwetu hatukulelewa hivyo. Muulize Baba."

"Hatukulelewa hivyo," Mzee akakubali, na akamtazama mkwe wake kwa namna ambayo sitaki kutazamwa nayo.

Aibu ilimwingia Bwana Viwango mpaka kwenye nyayo. Ilimwingia kweli, nisimwonee. Alimtazama mkewe, akaona amekonda kidogo usoni, akajua ni yeye aliyemkondesha. Lakini mtu yule hana akili ya kuhifadhi aibu kwa muda mrefu. Wazo jingine likamjia, likaisukuma aibu pembeni. Pete yangu ile pale mezani! Basi iliyokuwa kwenye rola si yangu! Sifukuzwi!

"Si yangu!" akapiga kelele kwa furaha.

Na pete ikamtoka mdomoni, ikaruka, ikagonga meza, ikajizungusha mara kadhaa kama inayotafuta mwenyewe, ikalala chini ya kamera.

Skrini ikajaa. Kila mtu akaiona, kubwa kuliko sahani. Ilikuwa pete nyembamba, ya kike, imepinda kidogo kwa kubanwa na rola, mate na rojo vikiing'arisha. Juu yake kulikuwa na ua dogo. Mwanga wa ubavuni ulitambaa kwenye petali zake moja moja, na petali moja ilikuwa imekwenda upande.

"Si yangu," Bwana Viwango akarudia, sasa kwa sauti ndogo, maana alikuwa amemwona Mzee.

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza. Midomo yake ilicheza kabla ya sauti kutoka.

"Hilo ua nililigonga mimi," akasema. "Sikuwa na uwezo wa kwenda kwa sonara. Niliazima nyundo, nikaligonga mwenyewe nyuma ya nyumba. Petali moja ikanipindia. Nilitaka kuanza upya, mama yenu akakataa. Akasema hiyo iliyopinda ndiyo atakayonikumbukia."

Akaigusa pete kwa ncha ya kidole.

"Nilimvisha siku ya ndoa. Na siku ya kumzika nilimvisha tena, kwa mkono huu, pale alipolala. Nikasema aende nayo." Machozi yalikuwa yakimshuka waziwazi, mzee wa watu, wala hakuyafuta. "Sasa imefikaje kwenye rola yangu?"

"Zimefanana tu, Baba," binti yake akasema haraka. "Pete zinafanana."

"Hii haifanani na yoyote."

"Kaka," Shangazi akaita kutoka konani, sauti nyororo ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuisikia. Alikuwa amesimama palepale nyuma ya majora, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti la kazi. "Kaka yangu, usijitese. Sikiliza mtoto anavyosema. Hiyo si ya wifi. Hiyo ina mkwaruzo mrefu kwa ndani. Ya wifi haikuwa na mkwaruzo."

Mzee akafuta macho. Akaitazama skrini. Skrini ilionyesha ua, petali na mgongo wa pete. Ndani ya pete hakukuonekana kitu.

Fundi, ambaye hakuna wa kwao pale, akachukua ncha ya kalamu akaiinamisha pete. Mwanga ukaingia ndani. Mkwaruzo mrefu ukajitokeza, umejaa kivuli kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Mkwaruzo upo," Fundi akasema.

"Si nimesema!" Shangazi akasema.

Halafu hata yeye akanyamaza.

"Dada," Mzee akasema. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Eh?"

"Saa ya ukutani ile. Isome."

Shangazi akakodoa macho ukutani. Akakodoa zaidi.

"Saa kubwa kama sinia huioni," Mzee akasema. "Mkwaruzo wa ndani ya pete umeuona ukiwa kule?"

Bwana Viwango alihisi kiganja kile kikirudi mbele ya kidevu chake, wazi. Tema, nikufichie. Upendo wa ukwe, masikini! Na taa ya umbea. Na kiganja kinachopapasa karatasi mbichi penye rola. Na ule utu wa kujali macho ya wafanyakazi. Yote yakajipanga kichwani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaelewa jambo bila kuelezwa.

Nawe msomaji unakumbuka mazishi yale, tuliyazungumza katika toleo la kwanza kabisa la hadithi hii. Nani alilia kuliko wote? Nani aliomba aachwe na wifi yake kidogo, waagane, kabla jeneza halijafunikwa?

"Toa mkono mfukoni, dada," Mzee akasema. "Ulete hapa mezani."

"Kaka, mbele ya mgeni?"

"Mgeni alikuja kuangalia ubora," Mama Vitabu akasema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Sina haraka."

Shangazi akaja. Alitembea taratibu, kichwa juu, na kusema kweli alikuwa na haiba. Akatoa mkono, akaulaza chini ya kamera, kiganja chini. Fundi hakuambiwa na mtu. Akazima ya juu, akaacha ya ubavuni.

Mkono ukajaa ukutani, vidole vinene, kucha fupi. Kwenye kidole cha pete nyama ilikuwa imebonyea kuzunguka kote. Palikuwa na duara, limekaa pale miaka, limetulia, lina kivuli upande mmoja.

Kivuli kilekile cha kwenye karatasi.

Mzee akavuta pumzi ndefu. "Ulimvua mke wangu," akasema. "Amelala, hawezi kusema kitu, ukamvua."

Bwana Viwango alijua kinachofuata. Hata awe damu yangu. Alitamani kulitaja geti yeye mwenyewe, kwa sauti, kwa utaratibu, kama meneja. Ulimi ulishafika kwenye meno. Akakumbuka ulimi huo ulikuwa umebeba nini muda si mrefu, akaurudisha.

Lakini Shangazi hakulia. Hakupiga magoti. Alinyanyua uso, na macho yake yasiyoona yakatulia pale pale aliposimama mtu fulani, bila kukosea hata kidogo.

"Sikumvua," akasema. "Mimi sijamgusa marehemu. Nilipewa, kaka. Nilipewa ninyamaze kuhusu jambo nililoliona siku ile pembeni ya jeneza, nikanyamaza. Na aliyenipa yumo humu ndani, na ametoka kuhubiri sasa hivi."

Mkoba ukaanguka sakafuni. Poda, funguo, leso, vyote vikatawanyika mpaka chini ya meza. Mwenye mkoba hakuinama kuviokota.

Mzee akageuka, polepole sana, kumtazama binti yake wa pekee.

"Mwanangu?"

Binti mdomoni hakuwa na pete. Jino halikumuuma. Mumewe alikuwa amesimama kando yake, kwa hiyo alisikia vizuri kabisa mkewe alivyomjibu baba yake.

"Mm-mm."